Kalamu ya Kibarua: Mwandishi Asiyejua Hujuaje?

Kuna swali moja ambalo sisi wanafunzi wa fasihi hatuliulizi, na tukiulizwa tunalikwepa: mwandishi kajuaje? Tunaichukua riwaya, tunaigawa fani huku na maudhui kule, tunahesabu wahusika, tunakamata tashibiha mbili tatu, kisha tunahitimisha kwamba msanii "amefaulu kuichora jamii yake". Basi, alama zimepatikana. Kana kwamba jamii ni mwembe ulio mbele ya dirisha lake, na kazi yake ni kuinua macho tu. Mhadhiri akitubana zaidi tunatoa neno "uzoefu" na kumkabidhi kama abiria anayetoa nauli.

Neno hilo halitoshi. Hakuna mtu mwenye uzoefu wa kila analoliandikia. Mwandishi mmoja anaweza kuandika juu ya kilimo cha mwani, migodi ya makaa ya mawe, mikopo ya vikundi na homa ya ng'ombe, naye hajawahi kulima, kuchimba, kukopesha wala kufuga. Kajuaje? Mara nyingi jibu lenyewe ni la aibu kidogo kwa wapenda sanaa: alilipwa. Mtu alimwita akamwambia kaandike juu ya jambo fulani, kurasa kadhaa, mwisho tarehe fulani. Naye kwa kuwa kodi ya chumba inadaiwa akasema sawa, halafu ndipo akaenda kulitafuta jambo lenyewe. Waandishi wa kujitegemea ndivyo wanavyoishi. Mtaani tungeiita deiwaka.

Hapa chuoni kazi ya namna hiyo haina heshima. Nimesikia ikisemwa, tena na watu ninaowastahi, kwamba kalamu iliyokodishwa husema atakalo aliyeikodi, na kwamba anayetaka kuwa msanii asiiguse. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Nusu ya pili naikataa, kwa sababu kibarua ndicho kinachomlazimisha mwandishi akiri kwamba hajui, na kukiri huko ni mwanzo wa maarifa ambayo ukaaji wa maktabani peke yake hauyatoi. Tabu ni kwamba kibarua hichohicho humfundisha pia namna ya kuuficha ujinga wake chini ya sentensi nzuri. Mhakiki anatakiwa aweze kuyatenga mambo haya mawili. Nitajaribu kuonyesha inawezekanaje.

Wengi wetu tunamjua George Orwell kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Kitabu ninachokitaka hapa ni kingine, The Road to Wigan Pier cha mwaka 1937, ambacho kwetu hakisomwi sana. Kile kilikuwa kibarua. Mwanzoni mwa mwaka 1936 mchapishaji wa London, Victor Gollancz, alimwagiza Orwell aende kaskazini mwa Uingereza akaandike juu ya hali ya watu wa viwandani na wasio na kazi. Orwell wakati huo hakuwa na jina kubwa. Alikuwa amepita shule ya mabwana, Eton; alikuwa amefanya kazi ya polisi Burma; alikuwa akiuza vitabu dukani London. Makaa ya mawe aliyajua kama wengine wote walivyoyajua: ni kitu kinacholetwa nyumbani kuwashia moto. Akaenda. Alizunguka Wigan, Sheffield na Barnsley kwa majuma kadhaa, akalala katika vyumba vya kupanga vya watu maskini, akaingia maktaba ya Wigan kunakili takwimu za nyumba na za afya, na akateremka shimoni.

Sasa hebu tusome ile sura ya mgodi kama wanafunzi wa uhakiki. Mtu mwenye pupa ya sanaa angetuanzishia na giza, vumbi, na jasho linalometa mgongoni. Hayo yapo. Lakini kinachoibeba sura ile ni jambo ambalo hakuna msanii angelibuni akiwa mezani kwake: kwamba ukishashushwa kwa lifti bado hujafika kazini. Kutoka mlango wa shimo hadi penye makaa ni mwendo wa maili moja au zaidi, na mwendo huo unakwenda umeinama, maana boriti za dari ziko chini kuliko kichwa cha mtu mzima. Orwell alikuwa mrefu sana. Mapaja yalimwisha kabla hajaliona kaa hata moja. Wenyeji wake walikuwa wakienda vile kila siku, kwenda na kurudi, na muda huo haulipwi. Mchimbaji hulipwa kwa makaa anayoyatoa.

Angalieni maarifa haya yalivyoingia. Yameingia kwa magoti. Halafu yakaingia kwa karatasi, kwa sababu Orwell aliziomba karatasi za mishahara za wachimbaji akazisoma mstari kwa mstari. Humo mkakutwa makato: bima, ada ya chama cha wafanyakazi, kunoa zana, na kubwa kuliko yote kwangu mimi, kodi ya taa. Mchimbaji anakodishiwa taa ya kumulikia kazi ya tajiri wake! Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwa muda. Vitabu vingapi tumesoma vinavyopiga kelele juu ya unyonyaji, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuna hata kimoja kilichotupa taa ile? Kelele haikuwa na kosa. Ila mwandishi hakwenda kuomba karatasi.

Huo ndio uzuri wa asiyejua aliyetumwa. Mwenyeji asingeiandika kodi ya taa kwa mshangao ule, maana kwake ni jambo la kila Ijumaa. Msomi wa nadharia asingeiandika kabisa, maana alikuwa na hitimisho lake tangu nyumbani. Mgeni mwenye kibarua ndiye anayelazimika kuuliza maswali ya kitoto: hii ni nini? Analipa nani? Kwa nini?

Lakini nisiwapambie. Katika kitabu hichohicho mna ukurasa mashuhuri ambapo Orwell yumo ndani ya treni akiondoka mjini, akamwona mwanamke kijana nyuma ya nyumba moja, amepiga magoti baridini, anazibua bomba la maji machafu kwa kijiti. Anauona uso wake, na kutokana na uso huo anatwambia mwanamke yule anajua barabara kile kinachompata. Ukurasa huu husifiwa sana, na ni kweli unachoma. Ila shajara ya safari ya Orwell ilikuja kuchapishwa baadaye, na humo hakuna treni. Alikuwa anapita kwa miguu uchochoroni, mwanamke akainua uso, macho yao yakakutana.

Wapo watakaosema hiyo ni haki ya msanii, naye ana ruhusa ya kupanga upya. Sina ugomvi na kupanga upya. Ugomvi wangu ni juu ya kilichopotea kwa kupandishwa treni. Mtu aliye uchochoroni, hatua chache kutoka kwa mwanamke, anaweza kumwamkia. Anaweza kumwuliza bomba limeziba tangu lini, mwenye nyumba anasemaje, kodi ni kiasi gani. Aliye kwenye treni hawezi, na kwa hiyo hadaiwi. Treni inamwondolea msomaji swali la "mbona hukumwuliza?" Mchimbaji katika kitabu kile ana karatasi yake ya mshahara, ana hesabu, ana hata ubishi. Mwanamke wa bomba ana uso tu. Yale ya kichwani mwake kawekewa na mwandishi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpaka ulipo kati ya kujifunza jambo na kulipamba, na mpaka huo umepita katikati ya kitabu kimoja, cha mtu mmoja, kwa safari moja.

(Nusu ya pili ya kitabu, ambamo Orwell anawasema wanasoshalisti wenzake, siiendei. Mwenye kibarua mwenyewe, Gollancz, iliwahi kumkera kiasi cha kuandika utangulizi wa kuipinga. Walau aliiacha itoke.)

Nimesema "walau" kwa sababu. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni mto unaovukika kwa mawe. Mwaka juzi, wakati wa likizo, nilipata deiwaka ya kuandika kijitabu juu ya ukulima wa mwani upande wa mashariki wa Unguja. Shirika lililoniagiza nisilitaje. Nilitakiwa nieleze kwa Kiswahili chepesi namna ya kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna na kukausha. Nauli ya boti na posho ndogo vilitolewa. Kuhusu mwani nilikuwa najua kwamba upo.

Nikasoma kwanza, kama tulivyozoea. Nikajua kuwa mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, kwamba wakulima wake wengi ni wanawake, kwamba ndani yake hutolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa katika dawa za meno na aiskrimu za watu wa mbali. Kuna aina mbili: spinosamu, ambayo ni rahisi kuotesha na bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo bei yake ni nzuri lakini tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imepata joto. Kuipeleka kina kirefu kunataka chombo, na kunataka mtu ajuaye kuogelea, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Yote haya niliyajua kabla sijapanda boti, nami nilijiona nimeiva.

Bibi mmoja alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kipande cha kamba nishike. Nikaanza kumwuliza mbegu inafungwaje. Akacheka. "Mwanangu, hilo la kufunga twalijua tangu hujazaliwa. Uliza bei."

Nikauliza bei. Ikawa ndiyo mazungumzo ya siku tatu. Nilielezwa kwamba mnunuzi ndiye aliyekuwa akiwapa kamba na vijiti, na aliyepewa kamba na mtu hawezi kumpelekea mwani mtu mwingine. Kwamba mwani uliotoka majini ni mzigo wa kuvunja mgongo na ukishakauka unakuwa si chochote, na bei ni ya huo mkavu. Kwamba mvua ya usiku mmoja juu ya mwani ulioanikwa inaondoa kazi ya mwezi na nusu. Hakuna aliyelia. Walikuwa wakifanya hesabu, wanazirudia kwa vidole ili mimi niandike sawasawa.

Na katika siku hizo tatu nilijifunza pia jambo la fasihi ambalo sikulipata katika semina yoyote. Methali "maji yakijaa hupwa" niliifahamu tangu shule ya msingi kuwa ni methali ya majaliwa: leo tajiri kesho maskini, na kadhalika. Tumeijibia mitihani. Kule ufukweni ni ratiba. Mwani hushughulikiwa maji yakiwa yamepwa sana, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu; likija maji mafu bahari haipwi vya kutosha na kazi inasimama. Mama mmoja aliisema methali ile kwa kumhimiza binti yake afungashe vitu, bila fumbo lolote. Nikaona kwamba sisi tumeichukua istiari tukaiacha saa iliyomo ndani yake. Ni methali ngapi nyingine tunazozichambua hivyo, tukiwa na jani bila mti? Neno bamvua nililikuta kwenye kamusi zamani. Kulikuta kwenye kamusi na kuamshwa nalo alfajiri ni mambo mawili tofauti kabisa.

Niliandika kijitabu. Kufunga mbegu kumo, kuvuna kumo, kukausha kumo. Sura ya bei, kurasa nne, iliondolewa. Niliambiwa kijitabu ni cha mbinu bora na masuala ya bei yana mahali pake. Mahali hapo sikuonyeshwa. Kazi ilitoka na picha ya rangi jaladani: mwanamke ameinama majini, jua linazama nyuma yake, uso hauonekani vizuri. Nilipoiona nilimkumbuka mwanamke wa bomba. Huyu naye kapigwa picha kutoka kwenye treni.

Kwa hiyo wale wanaosema kalamu iliyokodishwa husema atakalo mwenye pesa wana ushahidi, na mimi ndiye niliyewaletea. Hata hivyo nauliza: kurasa nne zile ningezijua vipi bila kibarua kile? Shirika liliweza kuzitoa kitabuni. Katika daftari langu zimo, na sasa baadhi yake zimo katika jarida hili, bure. Mwenye pesa alinunua kijitabu. Mengine niliyoyaona hakuyalipia wala hayamhusu.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo, na ni vyema tuitaje maana inawagusa vijana wenzetu. Nchini Kenya, kwa miaka mingi sasa, wahitimu wengi wa vyuo vikuu wamekuwa wakiishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars inawafuata, pamoja na Profesa Patricia Kingori wa Oxford, ambaye mwenyewe alizaliwa Kenya. Waandishi hawa husoma mambo ya kila aina: usiku huu uuguzi, kesho sheria za mikataba, keshokutwa falsafa. Kama hoja ni kujifunza tu, hakuna chuo duniani chenye ratiba pana kama yao. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuifanya biashara ya insha hizo kuwa kosa la jinai huko England. Kuhusu udanganyifu wa anayenunua sina la kuongeza, ni udanganyifu. Mimi linalonikaa rohoni ni lile la mwandishi. Amejua, na maarifa yake hayana jina lake juu. Insha ya namna hiyo ikibishwa, mwenye kujua hayupo ajibu. Na aliyepo, mwenye jina, hana la kujibu. Maarifa ambayo mwenyewe haruhusiwi kusimama nayo hadharani ni mateka. Kijitabu changu cha mwani nacho hakina jina langu, nami sisemi hivi kwa majivuno. Nasema kwa sababu bibi yule, akitaka kuuliza mbona bei haimo, hana pa kuniulizia.

Turudi kwenye fasihi yetu, maana nahofia mhariri ataniuliza hii ni makala ya uhakiki au ya uchumi. Muhammed Said Abdulla tunamsoma wote. Wahakiki wamekwisha kutwambia kwamba Bwana Msa na kiko chake ni mtoto wa Sherlock Holmes, na Najum ndiye Watson. Sawa, hata mimi nimewahi kuyaandika hayo kwenye mtihani. Lakini Muhammed Said Abdulla huyo, baada ya kumaliza shule mwaka 1938, aliingia idara ya afya Unguja akawa mkaguzi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Na kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, huku Bara. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58. Maana yake ni kwamba kabla na baada ya kumwunda mpelelezi wetu, mtu huyu alikuwa kazini akikagua au akihariri habari za mazao. Alikuwa ameajiriwa, si wa deiwaka, ila tabia ya kazi ni ileile: kutumwa kwenye jambo usilozaliwa nalo ukalijua kwa kuliuliza.

Bwana Msa anafanya nini? Anatazama vitu vya kawaida ambavyo wenyeji wamevizoea, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na pale watu wanapotaja mzimu yeye anataka kujua nani alikuwa wapi. Huyo ni Holmes, haya. Je, hawezi pia kuwa mkaguzi wa afya? Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hatukuuliza, kwa sababu kusoma Conan Doyle tunakuhesabu kuwa ni athari ya kifasihi, na kushinda mashambani na ofisi ya gazeti la wakulima hatukuhesabu kuwa chochote.

Ndiyo maana nimeomba mada ya tasnifu yangu ya mwaka wa tatu iwe maandishi ya Kiswahili ya kilimo na afya, vile vijitabu vya ng'ombe, chanjo na mbegu, yasomwe kwa jicho lilelile tunalosomea riwaya: nani aliulizwa, nani ana hesabu yake na nani ana uso tu, kurasa zipi zilikatwa. Msimamizi wangu hakukataa. Ameniuliza nitatumia nadharia gani. Nikamwambia ya kodi ya taa. Akasema hiyo haimo katika orodha ya idara. Bado tunabishana.